Maneno Uliyoyaruka

Chuoni, 9 Januari

Wifi yangu,

Pokea salamu zangu wewe, umpe na mwanangu Chiriku nyingine za kumtosha mpaka nitakaporudi, na kaka yako umpe zake akiwa ameshanawa mikono. Mimi nimefika. Mgongo umebaki njiani kwenye kiti cha basi, lakini vilivyobaki ni vizima.

Chumba chetu kina vitanda viwili na dirisha moja linalotazama nyuma ya hospitali kuu, pale wanapoanika mashuka. Mwenzangu ni msichana mwembamba mwenye miwani minene kama chini ya chupa. Ananiita mama. Siku ya kwanza nilimwitikia, siku ya pili nikanuna, sasa nimezoea. Darasa zima hakuna anayenikaribia kwa umri isipokuwa mwalimu.

Sasa nikueleze tunachosoma, na usicheke. Kozi yenyewe ya uuguzi wa juu itaanza Juni. Kabla ya hapo kuna kozi ya awali, nayo ni maneno matupu. Hatugusi mgonjwa, hatushiki sindano, tunasoma majina tu. Mwalimu ni mzee mfupi mwenye koti jeupe lisilojua pasi, na wanafunzi wamembandika jina la Mzizi, kwa kuwa kila neno analolishika lazima alichimbe mpaka chini. Anasema biolojia ya juu imeandikwa kwa maneno ya Wayunani na Warumi wa kale, na asiye na mizizi ya maneno hayo atakaa darasani kama kiziwi kwenye harusi. Basi tunakariri. Hemo ni damu. Derma ni ngozi. Osteo ni mfupa. Nefro ni figo. Halafu kuna mikia: itisi ni kuvimba na kuwaka, logia ni elimu. Ukishajua kichwa na mkia, neno hata liwe refu kama treni unalikata vipande na linakutii.

Miaka yote niliyopiga deki ile wodi na kubeba mabeseni, madaktari walikuwa wakiongea maneno haya juu ya kichwa changu nami nimeinama. Sasa nayasikia yakifunguka moja moja. Siwezi kukueleza raha yake.

Mwisho wa Machi kuna mtihani. Ukianguka unafunga sanduku na kurudi ulikotoka.

Simu ya chuo iko mezani kwa mlezi wa wanafunzi, na yule mama anasikiliza hata pumzi. Tuandikiane. Na kaka yako mwambie aandike hata mstari mmoja. Aliponisindikiza kituoni nilimwona amechoka sana.

Wifi yako,
Mwanafunzi Mzee


Nyumbani, 27 Januari

Mke wa kaka yangu, msomi wetu,

Salamu tumezipokea na tumegawana bila ugomvi. Sisi wazima. Chiriku mdomo wake uko palepale ulipouacha. Juzi ameingia saluni akamwambia mteja wangu, mama mtu mzima, mke wa karani, kwamba nywele zake zimekimbia mbele na kubaki nyuma. Mteja akanitazama mimi, kana kwamba nimemfundisha. Nilikuwa nimemfundisha, lakini si kwa kusema mbele ya watu.

Barua yako imenichekesha kweli. Yaani umeacha mume, mtoto na kazi ya serikali, ukapanda basi siku nzima, kwenda kujifunza kwamba damu inaitwa hemo? Ungebaki hapa ningekufundisha bure kwamba damu inaitwa damu. Haya, natania. Najua ulivyoisubiri hiyo nafasi. Ulipopata ile bahasha ulilia mpaka nikadhani kuna msiba.

Habari kubwa ni hii: kaka yangu amenenepa! Wallahi ungemwona usingemjua. Uso umejaa, mashavu yamekaa sawasawa, na asubuhi macho yanakuwa madogo kama matundu ya vifungo. Wateja wananiuliza, dada, unampa nini? Nawaambia simpi kitu, ni kule kupumzika na kelele za mkewe. Nikakuonea huruma kidogo, maana sasa mtaa mzima unaamini ulikuwa unamshindisha njaa. Hata viatu vya kazi vimemkataa. Amekata visigino anavivaa kama ndala.

Ila kazi anaifanya kivivu siku hizi. Amepata kazi ya kuchomelea geti la shule, geti kubwa la heshima, naye anachomelea akiwa amekaa juu ya ndoo. Namwambia, wewe Fundi, tangu lini geti likachomelewa na mtu aliyekaa? Anasema ni joto.

Nimempa karatasi aandike mstari wako. Amesema mikono yake ina masizi, atamchafulia msomi. Anakusalimu na anasema usome.

Mimi wifi yako wa pekee, na shukuru ni mmoja,
Msusi


Chuoni, 14 Februari

Wifi,

Natumaini mnaendelea vizuri. Huku mvua imetupiga wiki nzima na mashuka ya hospitali yameanikwa kwenye korido, tunapita katikati yake kama kondoo. Miwani, yule mwenzangu wa chumbani, ananitahini kila jioni. Anasema neno, mimi nalikata. Kuna mtihani mdogo tumefanya. Ulikwenda.

Mke wa karani mwambie namwombea nywele zirudi.

Sasa weka hilo kando, unisikilize vizuri, na barua hii usiisome mbele ya watu. Huko kunenepa kwa kaka yako sikupendi. Uso unaojaa asubuhi, viatu vinavyobana, kuchoka. Mimi sijafundishwa ugonjwa, nafundishwa majina tu, na Mzizi akisikia tunajitia udaktari anatufukuza darasani. Lakini wodini nimeona nyuso. Nimewageuza watu wa namna hiyo kitandani, nimewabadilishia mashuka.

Nakuomba mambo matatu. Mwangalie kama uvimbe ni wa asubuhi au ni wa siku nzima. Mbonyeze kwa kidole gumba mbele ya mguu, juu kidogo ya kifundo, halafu ondoa kidole. Kama nyama inarudi, sawa. Kama panabaki shimo, niambie. La tatu najua utaniona sina adabu: muulize mkojo wake ukoje, kama una povu, kama umepungua, kama umebadilika rangi. Akikataa kukujibu mwambie mkewe ndiye anayeuliza.

Halafu hata kabla hujanijibu, mpeleke hospitali. Asikuambie ana geti. Geti halifi.

Mkumbatie Chiriku.

Wifi yako


Nyumbani, 2 Machi

Wifi,

Salamu. Sote tuko hapa. Chiriku amehamia kwangu kwa muda, analala nami, anapiga mateke kama punda. Jino la mbele limetoka, amelihifadhi ndani ya kopo la vibanio vyangu.

Barua yako nimeipata. Wewe mwanamke una mambo. Mimi nimuulize kaka yangu habari za mkojo? Nilizaliwa nyuma yake, nimebebwa mgongoni na huyo mtu, leo nimkalishe nimhoji mambo ya chooni? Hapana. Kusoma ni kuzuri lakini kusikufanye uone maradhi kwenye kila shavu.

Anasema hajambo. Na kama ulikuwa na wasiwasi na ule unene, basi ondoa, umepungua. Geti bado halijaisha. Joto limezidi.

Wewe soma. Mtihani wako ndio huo unakuja. Kila mtu hapa anataka upite, yeye kuliko wote.

Msusi


Chuoni, 12 Machi

Wifi,

Nakusalimu, na nakushukuru kwa kumchukua Chiriku. Lakini hukusema kwa nini amehamia kwako. Baba yake yuko mita chache kutoka hapo, na tangu azaliwe hajakubali kulala nyumba tofauti na yake.

Nimeisoma barua yako mpaka karatasi imelegea. Umenijibu kila kitu nisichouliza. Nimepata habari za jino, nimepata habari za joto. Kidole gumba hukukitaja. Na barua yako haina utani hata mmoja wa maana, hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Mimi nakujua. Ukiacha kunitukana, kuna jambo.

Ule mtihani mdogo nilioandika kwamba ulikwenda, ulikwenda vibaya. Nilipata alama za aibu. Maneno nilikuwa nayajua, lakini nilipofika kwenye nefro nilisimama hapo mpaka karatasi zikakusanywa. Mzizi aliniita akaniuliza kama nina shida nyumbani. Nikamwambia sina. Niambie sasa kama nilisema uongo.

Mtihani mkubwa ni wiki ya mwisho ya mwezi. Nisipopata jibu lako kabla ya hapo nitapanda basi, mtihani uwepo usiwepo.

Mimi


Nyumbani, 20 Machi

Wifi yangu,

Kaa chini kwanza.

Siku nilipopata ile barua yako ya vidole nilikwenda kwake moja kwa moja. Alikuwa amelala mchana, jambo ambalo hujawahi kuliona wala mimi. Nikavuta shuka nikambonyeza mguu kama ulivyosema. Nikaondoa kidole. Wifi, shimo lilibaki. Lilikaa pale linanitazama. Nikalifunika kwa shuka kana kwamba nisipoliona litaondoka.

Akaamka akaniuliza unafanya nini. Nikamwambia mkeo ameandika. Akaichukua barua, akaisoma yote, kisha akasema, "Usimjibu hili."

Nikamwambia, "Kaka, yule ni mkeo."

"Ndiyo maana. Huyu akirudi nyumbani leo hatarudi tena kule. Unamjua. Ataniuguza, ataniosha, atasema chuo ni mwakani, na mwakani haitafika. Niapie."

Nikaapa. Usiniulize niliapa kwa nini. Ni kaka yangu, na ni mara ya kwanza maishani kuniomba kitu.

Hospitali nilimpeleka, hilo nilikaidi. Wakampa vidonge vya kukojoa, uvimbe ukapungua, akarudi kwenye geti lake. Nilipokuandikia kwamba amepungua sikuwa nasema uongo kabisa. Halafu Jumatatu hii ameanguka karakanani. Mashine ya kuchomelea ilikuwa inawaka, wenzake wakazima umeme. Ametapika, ngozi imekuwa ya majivu, na kinywa chake kina harufu kama dawa ya choo. Daktari wa hapa amesema ni figo zote mbili, na zimekwenda mbali. Hapa hawana mashine ya kusafisha damu. Wanamwandikia aje huko, hospitali hiyo hiyo unayotazama mashuka yake dirishani.

Jirani yetu Dereva atamleta kwa gari lake Alhamisi, kwa hiyo huenda akafika kabla ya barua hii. Mimi sitaweza kuja, nani atabaki na Chiriku?

Kiapo nimekivunja. Nichukie ukipata nafasi, lakini kwanza mpokee.

Msusi


Chuoni, 7 Aprili

Wifi yangu,

Salamu kwako na kwa mwanangu. Sikuchukii. Sina mahali pa kuiweka chuki sasa hivi.

Amefika salama. Barua yako iliingia siku moja baada yake. Yeye nilimkuta ghafla, mlezi wa wanafunzi amekuja kuniita chumbani akasema kuna mgonjwa wako mapokezi. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu na koti lake la kazi. Aliponiona akasema, "Nimekuletea kazi ya nyumbani." Nikacheka. Tulicheka wote wawili pale mbele ya watu.

Amelazwa wodi ya wanaume, ghorofa ya pili, kitanda karibu na sinki. Nampelekea chakula kisicho na chumvi, anakilaani. Mara mbili kwa wiki anapelekwa kwenye mashine. Jina lake ni dialisisi. Dia ni kupitia, lisisi ni kutenganisha: damu inatolewa mwilini, inapitishwa kwenye chujio, uchafu unatenganishwa, damu inarudi. Ni jambo la ajabu kulitazama. Mashine ni chache na wagonjwa ni wengi, wanapangwa zamu.

Madaktari wanafuatilia. Mwanzo waliandika oliguria, wiki hii wameandika anuria, na vipimo vimeonyesha nekrosisi pande zote. Pia wanaangalia moyo, kuna kardiomegalia kiasi. Wanasema tuwe na subira.

Mtihani nilifanya siku ya tano baada ya yeye kufika. Nimepita. Alifurahi sana, amewatangazia wodi nzima.

Wifi yako


Nyumbani, 22 Aprili

Wifi,

Tunakusalimu. Tumefurahi umepita. Chiriku amezunguka mtaa mzima akisema mama yake sasa anajua maneno yote ya duniani.

Mimi ndiye nisiyejua. Barua yako nimeisoma na kuirudia. Dialisisi umenieleza vizuri, nimeielewa, hata mteja wangu mmoja nikamweleza naye akaelewa. Halafu ukafika kwenye yale mengine ukapita mbio kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya adui. Oli nini, anu nini, nekro nini. Tangu Januari hujaniandikia neno la darasani bila kunipa maana yake, ulikuwa unajidai nayo kama mtoto na viatu vipya. Hayo manne umeyaruka. Kwa nini, wifi?

Mimi nilikuficha kwa kunyamaza. Wewe unanificha kwa kusema. Sijui nani kamzidi mwenzake.

Sasa sikiliza. Nimeambiwa kwamba mtu ana figo mbili na moja inamtosha kuishi. Mimi ninazo mbili. Tumetoka tumbo moja, damu moja, hata miguu yetu mibaya ni ya aina moja. Mwambie daktari nakuja, nitamwacha Chiriku kwa mke wa karani, amekubali japo ametukanwa. Wanipasue wakati wowote. Saluni inaweza kufungwa.

Muulize daktari unijibu. Na unijibu kwa lugha niliyonyonya.

Msusi


Chuoni, 4 Mei

Wifi,

Salamu. Barua yako imefika, na moyo wako nimeuona. Daktari mkubwa amesafiri, akirudi nitamuuliza. Usifunge saluni bado. Kaka yako anaendelea. Wiki hii alipata homa kidogo pale walipoweka mpira wa mashine shingoni, wamempa dawa. Nitakuandikia zaidi, sasa nakimbilia wodini.

Wifi yako


Nyumbani, 15 Mei

Wifi,

Sikusalimu leo.

Anapona au haponi?

Msusi


Chuoni, 24 Mei

Wifi yangu mpenzi,

Barua hii nampa Dereva mkononi, ataifikisha kesho kabla ya jioni. Nisamehe kwa siku zote ulizokaa unasubiri.

Haponi.

Figo zake zimekufa, zote mbili. Mkojo ulianza kwa kupungua, sasa hapati kabisa. Moyo wake umevimba kwa kubeba maji yasiyo na pa kutokea. Hayo ndiyo yale maneno manne, sasa unayo yote. Niliyajua siku niliyoyaandika. Nilidhani nikiyaacha katika lugha ya watu wa kale yatakuwa hayajatokea kwako, na wewe mmoja angalau utaendelea kusuka nywele za watu na kucheka.

Kuhusu figo yako nilimuuliza daktari siku ile ile niliyopata barua yako. Hakuwa amesafiri. Alisema hapa upasuaji huo haufanyiki, na hata ungefanyika, moyo wa kaka yako usingeamka kutoka kwenye usingizi wa dawa. Nilimwambia kaka yako mwenyewe kwamba umejitolea, na kwamba hapa haufanyiki. Akageukia ukuta. Halafu akasema, "Usimwambie kwamba haiwezekani. Yule atakuja na kisu chake mwenyewe." Nikamtii, kama wewe ulivyomtii.

Nikueleze na jambo lililonifika wiki mbili zilizopita. Mzizi huwa analeta waliopita mtihani wodini, wayaone maneno kwenye vitanda. Siku hiyo akatuingiza wodi ya wanaume. Hakujua kwamba mume wangu amelazwa humo. Nilimficha kama nilivyokuficha wewe. Tukazunguka, tukafika karibu na sinki, akasimama. Akanyoosha kidole kwenye kadi inayoning'inia kitandani.

"Wewe, mama. Soma hapo."

Nikasoma.

"Kata."

Nikakata. "An ni bila. Uria ni mkojo."

"Linalofuata."

"Nekrosisi."

"Nekro?"

"Kufa, mwalimu."

"Osisi?"

"Hali."

"Kwa hiyo mgonjwa huyu ana nini?"

Kaka yako alikuwa ananitazama. Hakunitazama kwa hasira, wifi. Alikuwa amenyanyua kichwa kidogo kwenye mto, kama anavyofanya Chiriku anaposomewa hadithi. Nikajibu, "Figo zake zimekufa, mwalimu." Mzizi akasema vizuri sana, akampa mgonjwa pole, akasogea kitanda kingine. Miwani ndiye pekee aliyekuwa anajua. Alitoka nje, nikasikia analia kwenye ngazi.

Wenzangu walipoondoka nilirudi nikakaa pembeni yake. Akasema, "Kumbe unajua."

"Najua maneno tu."

"Basi nipe maneno."

Nikampa. Nikamwambia kile kilichokufa, na kile kinachofuata kufa, na kwamba mashine haimponyi, inamsogeza tu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama lile geti wamelipaka rangi. Nikamwambia sijui. Akasema walipake haraka, litashika kutu kabla ya mvua.

Tangu hapo hakuuliza tena. Lakini ile homa niliyoiita kidogo haikuwa ndogo, uchafu umeingia kwenye damu, na mashine sasa inamtesa kuliko ugonjwa. Kila akirudi anatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta. Jumapili amemwambia daktari imetosha. Daktari akamuuliza kama anaelewa maana yake. Akasema, "Mke wangu amenifundisha." Ametia sahihi mwenyewe, kwa mkono ule ule uliokataa kuniandikia mstari mmoja.

Anataka kuja kufia nyumbani. Bila mashine hana wiki mbili, pengine hana hata moja. Mzizi, baada ya kujua, alikuja mwenyewe chumbani kwangu, akasimama mlangoni na lile koti lake, akasema pole, basi. Mtu wa maneno yote yale. Amenisaidia kupata gari la wagonjwa. Tutafika Jumatano.

Tayarisha chumba. Usimpikie kitu kikavu, hawezi kumeza. Atakuwa na mwasho mwingi, tafuta mafuta. Atasinzia, na siku nyingine huenda asikujue. Akihema kwa nguvu usiogope, nitakuwepo.

Chiriku sijui tumwambie nini. Wewe ndiye uliye naye. Fanya utakavyoona.

Wifi yako


Nyumbani, 25 Mei

Wifi,

Dereva anangoja nje, anarudi huko usiku huu na mzigo wake, kwa hiyo naandika upesi.

Nimeelewa barua yako yote. Hakuna neno lililonishinda.

Chumba nimekitoa kila kitu, nimebakiza kitanda tu na kiti chako. Nimepata mafuta. Nimepata mashuka kwa mke wa karani. Vijana wa karakana wametengeneza kitu cha chuma cha kumwinulia kichwa, wamekaa nacho tangu mchana wakikipiga msasa kisimkwaruze. Geti wamelipaka, mwambie. La kijani.

Baada ya haya utarudi chuoni. Sikuombi, nakwambia. Sikutunza siri ile ili wewe uje kukaa hapa kuniangalia nikisuka. Chiriku atakaa kwangu.

Yeye nimemwambia. Aliniuliza baba anakuja kupona? Nikamwambia hapana, anakuja kufa, na mama atakuwepo, na mimi nitakuwepo. Akaenda akakitazama kitanda, akarudi. Halafu akauliza baba atalala upande gani wa kitanda.

Nimemwambia upande wa dirishani, na yeye atalala huu mwingine.

Njooni.

Msusi